Pwani Tuliyoiona Ghalani

Namshukuru Mungu aliyenipa miaka mingi na akili ya kukumbuka sehemu yake. Alinilisha tangu utotoni, akanilinda wakati ambapo watu wengi walitoka nyumbani asubuhi wasirudi, na hata leo ananipa macho ya kuuona mstari huu ninaouandika. Sifa zote ni zake kabla sijamtaja mwanadamu yeyote.

Mambo haya yalitokea katika miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, kwenye shamba moja la mkonge mashariki ya mji wa Thika, upande wa kuelekea Gatuanyaga. Nilikuwa msichana niliyetoka shule ya misheni, na kanisa lilinituma huko kuwafundisha watoto wa wafanyakazi kusoma, kuhesabu na kuomba. Nilipewa chumba katika laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi. Ukuta mmoja tu ulinitenga na jirani yangu, na ulikuwa mwembamba hivi kwamba nilimsikia akikoroga uji.

Jirani huyo alikuwa mama wa watoto wawili wadogo. Kazi yake ilikuwa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge zinazotoka kwenye mashine zikiwa mbichi na kijani, halafu zinatundikwa juani juu ya nyaya mpaka ziwe nyeupe. Mume wake alikuwa mkataji wa majani. Asubuhi moja, kabla mimi sijafika, akiwa njiani kwenda shambani, askari walimpandisha lori pamoja na wanaume wengine wa laini yetu. Hakushtakiwa jambo ambalo mtu wa laini alilisikia. Lori lilikwenda, na huo ukawa mwisho wa habari zake, isipokuwa neno moja lililoletwa na mpita njia, kwamba wanaume wa lori lile walipelekwa pwani. Pwani ipi, kufanya nini, wazima au wafu, mtu huyo hakujua.

Mama huyu alikuwa na kaka aliyefanya kazi katika shamba la kahawa huko Ruiru. Ruiru si mbali, lakini siku hizo Mkikuyu hakuvuka hata daraja bila kibali, kwa hiyo kaka alikuja kwa nadra, na kila alipokuja alikuwa na neno lile lile. Alitaka dada yake ahamie Ruiru na watoto. Huko kulikuwa na nyapara wa kahawa aliyefiwa na mke, mtu wa kanisa, mpole, asiyekunywa. Alikuwa tayari kuwachukua wote watatu.

Niliwasikia kupitia ule ukuta.

"Unamngoja marehemu," kaka alisema.

"Nani alimzika?"

"Dada, watu wangapi siku hizi wamezikwa na jamaa zao?"

"Akirudi, watamleta mahali walipomchukua. Akute chumba hiki kina watu wengine, na mke wake yuko Ruiru anampikia mtu mwingine?"

"Na asiporudi? Utaanika singa mpaka wewe mwenyewe ukauke?"

Kaka huyo hakuwa mtu mbaya. Nilimwona akiwakata watoto kucha kwa kisu chake kidogo huku akiwatania, na nilijua kwamba anaogopa tu. Alimwambia angerudi mwisho wa mwezi, na safari hiyo atakuwa na kibali cha kuwahamisha. Dada yake hakujibu ndiyo wala hapana. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa wakati Bwana Injinia alipotuletea picha.

Bwana Injinia alikuwa Mzungu mzee aliyetunza mitambo ya kiwanda. Alizungumza kwa sauti ya chini, na mikono yake ilinuka grisi hata siku ya Jumapili. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi miaka mingi nchi ya Meksiko, ng'ambo ya bahari ya ng'ambo, kwenye mashamba ya mkonge kama yetu. Alikuwa na sanduku la picha ndogo za rangi, kila moja ndani ya fremu ya karatasi, na mashine yenye taa kali ya kuzikuza. Akaniuliza kama ningetafsiri. Kwa ajili ya kafyu, watu walipaswa kuwa ndani kabla ya jua kutua, basi tulichagua Jumamosi mchana, kazi inapokwisha. Mahali palikuwa ghala la marobota ya singa, kwa sababu halikuwa na dirisha. Alitundika shuka nyeupe mbele ya marobota, akaunga waya kutoka kwenye injini, na watu wakakaa chini.

Picha ya kwanza ilikuwa bahari. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuiona. Maji yalikuwa na rangi ambayo sikuwa na neno lake kwa Kikuyu wala Kiswahili, nikasema ni kama jani changa la kabichi upande wa chini, na karibu na mchanga yakawa kama maji yaliyooshewa mchele. Mchanga wenyewe ulikuwa mweupe kama unga. Bwana Injinia akasema pale mgeni hutembea miguu mitupu asubuhi na mapema, kwa sababu mchana unaunguza. Akasema kuna kobe wakubwa wanaotoka baharini kutaga mayai mchangani, na watu hukaa kimya kuwatazama.

"Kukaa tu kutazama kobe?" akauliza mama mmoja. "Hawana kazi?"

"Ni wageni wamekuja kupumzika," nilisema.

"Haya. Waendelee kupumzika."

Kisha zikaja picha za majengo. Juu ya jabali, ukingoni kabisa mwa bahari, palikuwa na nyumba ya mawe isiyo na paa. Nyingine ilikuwa ndani ya msitu, ndefu kwenda juu, na ngazi zake zilikuwa kali hivi kwamba mtu aliyesimama katikati alizishika kwa mikono. Mizizi ya miti ilikuwa imepasua kuta. Juu ya ukuta mmoja alilala mjusi mkubwa kama kenge, akiota jua bila wasiwasi. Bwana Injinia alieleza kwamba waliojenga waliitwa Wamaya, kwamba walijua kuzifuata nyota na kuhesabu misimu, na kwamba mgeni akifika hupanda ngazi zile kabla jua halijawa kali, aone msitu upande huu na bahari upande ule. Palikuwa pia na shimo kubwa ardhini, la mwamba mtupu, na ndani yake maji ya bluu. Mizizi ilining'inia kutoka juu kama kamba. Watu waliteremka humo kuogelea.

Kulikuwa na cucu mmoja, bibi mzee wa kuchambua singa, ambaye wote tulimheshimu. Yeye hakushughulika na shimo.

"Mwalimu, muulize nani aliyebomoa zile nyumba."

Niliuliza. Bwana Injinia akasema hakuna anayejua vizuri. Watu waliondoka tu, msitu ukaingia.

"Watu hawaondoki tu," cucu alisema. "Muulize walipelekwa wapi."

Nikauliza tena, naye akatikisa kichwa, kwamba hilo nalo halijulikani. Ni lazima msomaji akumbuke kwamba wengi waliokaa pale walikuwa wameona vijiji vyao vikibomolewa na mapaa yakichomwa, na wao wenyewe wakahamishwa. Nyumba isiyo na paa haikuwa kwetu jambo la kale.

Ndipo ikaja picha ya shamba. Ulikuwa mkonge wetu hasa, safu kwa safu, na miiba yake nchani. Bwana Injinia akasema mmea huu asili yake ni huko, ndiko ulikotoka mpaka ukafika Thika.

"Kumbe hao ndio waliotuletea," mama mmoja alisema, akionyesha mkono wake uliochanwachanwa. Watu wakacheka.

Picha iliyofuata ndiyo iliyoleta mambo yote. Ilimwonyesha mwanamume, ametupa kisogo, akitembea kwenye njia kati ya mkonge na ukuta uliobomoka. Mgongoni alibeba mzigo mkubwa wa kuni, na mzigo ule ulishikwa na ukanda uliopita juu ya kichwa chake upande wa mbele.

Kwa Wakikuyu ukanda huo ni mukwa. Ni wa ngozi, unazunguka mzigo na kupita katika paji la uso, na mtu hubeba nao kuni, maji au viazi mgongoni. Lakini ni wa wanawake. Mimi nilifungwa mukwa wangu wa kwanza nikiwa sijaota meno ya pili. Mwanamume hubeba begani au kichwani, na wakati ule mwanamume aliyevaa mukwa asingemaliza kijiji kizima bila kufuatwa na vicheko. Sikupata kumwona hata mmoja.

Kwanza watu walicheka mpaka wengine wakalala juu ya marobota. Halafu kicheko kikafa kidogo kidogo, na nikamsikia cucu akisema kwa sauti ya chini, "Huyo hajapenda mwenyewe. Huyo amelazimishwa."

Njiani kurudi laini, maneno yaliungana yenyewe. Wanaume wetu walipelekwa pwani, na hii ilikuwa pwani. Nyumba zimebomolewa, na waliokaa humo hawajulikani waliko. Mkonge upo, na nani angekata mkonge vizuri kuliko wanaume wa Thika? Tena wanabebeshwa mizigo kama wanawake, jambo ambalo mwanamume hawezi kulifanya ila kwa kuadhibiwa. Nilijaribu kusema kwamba nchi ile iko mbali, kwamba meli huchukua majuma mengi kufika.

"Wewe ulifika?" waliniuliza.

"Sikufika."

"Nani alikuambia?"

"Bwana Injinia."

"Haya, Mwalimu. Asante."

Siku hizo kuambiwa jambo na Mzungu, hata mpole, hakukuwa ushahidi.

Jioni ile jirani yangu alikuja kuomba kaa la moto, akakaa chini kwenye mlango wangu badala ya kuondoka.

"Nimemwona," alisema.

"Nani?"

"Baba ya watoto. Yule mwenye mukwa. Bega lake la kushoto limepanda, kama la mume wangu. Na anatupa mguu nje akitembea. Nimelala nyuma ya mgongo ule miaka yote, Mwalimu, siwezi kuusahau."

Nilimwambia tena habari za Meksiko. Alisikiliza kwa adabu, na mwisho akasema, "Basi ni huko walikompeleka." Alikuwa amepata jambo moja tu la kushika, na hilo jambo lilikuwa kwamba mtu wake ni mzima, anatembea kwa miguu yake.

Wiki ile alibadilika. Aliimba kwenye nyaya za singa. Alifua blanketi la mumewe lililokuwa limekunjwa tangu achukuliwe, akalianika. Lakini usiku nilimsikia akimlilia, si kwa kifo bali kwa aibu. Katika maombi yetu ya jioni, akina mama watano sita chumbani kwangu, alimwomba Mungu aliangalie paji la uso la mumewe, kwa sababu halikufundishwa mukwa na linauma. Wote tukasema amina. Nami nilisema, ingawa akili yangu ilikuwa upande mwingine. Nilijiambia kwamba Mungu anajua anwani ya kila ombi hata sisi tukikosea.

Jumapili kaka alifika kutoka Ruiru, mapema kuliko tulivyotazamia, na kibali mfukoni. Tulikuwa nje, nikichambua mboga pamoja na dada yake.

"Siendi," dada alimwambia kabla hajakaa. "Nimemwona mume wangu."

"Wapi?"

"Kwenye picha. Ghalani."

Kaka akamtazama, akanitazama mimi, akacheka. "Umemwona kwenye shuka? Mzungu akionyesha picha ya tembo utasema ni ng'ombe wetu aliyepotea?"

"Ng'ombe wetu namjua hata akinipa mgongo."

"Mwalimu, wewe umesoma. Mwambie."

"Nimemwambia," nilisema. "Nami sikuwahi kumwona mume wake. Nilikuja hapa ameshachukuliwa."

Kaka aliokota jani la mboga, akalikunja, akalikunjua. Mwisho akasema, "Atiriri, sikiliza basi. Nami namjua shemeji yangu. Picha ionyeshwe tena, mimi nikiwepo. Ikiwa ni yeye, nitakuomba msamaha hadharani na sitataja Ruiru tena. Ikiwa si yeye, unafunga mizigo, kwa maana utakuwa huna hata shuka la kumngojea."

"Sawa," dada yake alisema, na mikono yake haikuacha kuchambua.

Jumatatu nilimwendea Bwana Injinia kiwandani, nikamweleza yote bila kuficha. Alizima mashine aliyokuwa akiitia mafuta, akakaa juu ya pipa. Akasema yule mtu wa picha alimjua vizuri. Alipougua homa huko, alilazwa katika nyumba ya mtu yule, mke wake akimnywesha uji wa mahindi. Akasema anayo picha nyingine ambayo mtu yule ameelekea mbele, amepumzika na mzigo wake. Hakuionyesha kwa sababu haikutoka vizuri pembeni. Akauliza kama ingefaa. Nikamwambia kwamba ndiyo hasa inayotakiwa.

Jumamosi iliyofuata ghala lilijaa mpaka mlangoni. Walikuja wanawake wa mashamba jirani wenye waume waliochukuliwa, kwa kuwa habari ilikuwa imetembea. Kaka alikaa mbele kando ya dada yake, kofia yake magotini. Bwana Injinia hakuanza na bahari safari hii. Alianza na picha ya mgongo.

Kaka aliitazama muda mrefu. "Bega ni lake," alisema polepole, na nikaona kwamba ilimgharimu kusema hivyo.

Halafu ikaja ya mbele.

Mtu yule ameketi juu ya jiwe, chini ya ukuta ule uliobomoka. Mzigo uko kando. Ukanda ameushusha shingoni. Alikuwa na umri wa mume wa jirani yangu, na uso wake, nilivyosikia baadaye, haukuwa mbali na wake, mweusi wa kuiva kwa jua, mifupa ya mashavu imetokeza. Watu walianza kunong'ona. Mmoja akasema ndiye, mwingine akasema amekonda.

Jirani yangu akainuka. Alikwenda mpaka kwenye shuka, kivuli chake kikamfunika mtu wa picha, kisha akasogea kando ili mwanga upite. Akanyoosha mkono, akaweka kidole kwenye paji la uso la mtu yule. Sote tuliona alichokuwa akikigusa. Kutoka upande hadi upande ulipita mfereji, laini na unaong'aa, kama njia ya mbuzi kwenye kilima.

Kila mama aliyekuwa ghalani alikuwa nao. Cucu wa kuchambua singa alikuwa na wa kina hata ungeweza kulaza penseli. Mimi mwenyewe ninao mpaka leo, ingawa umefifia. Hauji kwa mwaka wala kwa miaka miwili. Unakuja kwa kuanza kubeba ungali mdogo, mfupa ukiwa bado haujakomaa, na kuendelea kubeba hadi utu uzima.

"Huyu alianza kubeba akiwa mtoto," jirani yangu alisema. "Wangu hakubeba hivi hata siku moja. Si yeye."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema maji yamechemka. Halafu akarudi, akakaa mahali pake. Kaka alishika kofia yake kwa mikono miwili, akatazama chini. Nilidhani watu watainuka waende, lakini hakuna aliyesogea, na cucu ndiye aliyetusaidia.

"Mwalimu, muulize. Kule wanaume ndio wanaobeba na mukwa?"

Nikauliza. Bwana Injinia akasema ndiyo, ndivyo walivyobeba baba zao na babu zao, na mawe ya majengo yale yalibebwa hivyo hivyo. Akasema pia jambo ambalo hakulisema mara ya kwanza, kwamba Wamaya hawakupotea. Mtu yule ni mmoja wao. Walihama mahali pamoja wakakaa pengine, wakaendelea kulima mahindi na kuzungumza lugha yao, na nyumba zile kubwa zikabaki tupu.

"Kwa hiyo watoto wao wapo," cucu alisema.

"Wapo."

"Hilo ndilo angesema tangu mwanzo."

Kutoka nyuma sauti ya mama mmoja ikasema, "Mwalimu, tuulizie kama wanaume wa huko wanaoa wageni. Kuni nimebeba vya kutosha." Ghala likacheka, na hata jirani yangu alitabasamu kidogo. Kisha akaniambia, "Bwana aendelee. Nataka kuona zilizobaki."

Basi tuliziona. Tuliona wanawake wenye magauni meupe yaliyotariziwa maua shingoni, wakisaga mahindi juu ya jiwe wakiwa wamepiga magoti, na mikate yao myembamba ikipinduliwa juu ya chuma cha moto. Tuliona kitanda cha kamba za mkonge kilichofungwa kwenye miti miwili, mtu amelala ndani yake mchana kweupe. Tuliona samaki aliyepasuliwa na kuchomwa juu ya jani la mgomba, ngalawa fupi zilizovutwa mchangani, na soko ambamo kofia zilirundikwa juu kuliko kimo cha mwuzaji. Tuliona kanisa lililojengwa kwa mawe ya majengo ya kale. Bwana Injinia alisema mgeni akiwa na siku moja tu, atembee ufukweni asubuhi, apande ngazi, aogelee kwenye lile shimo la mwamba jua likiwa kali, na jioni ale kwa watu. Alisema kula kwa watu ndiko yeye alikokukumbuka zaidi.

Nje jua lilikuwa bado juu kidogo. Nilitembea nyuma ya kaka na dada, si kwa kutaka kusikiliza bali njia ilikuwa moja.

"Tulikubaliana," kaka alisema kwa upole.

"Tulikubaliana. Nawe hukunidanganya, bega ulilikubali. Nimeliona hilo."

"Basi tufunge mizigo. Kibali kinaisha kesho."

Alisimama njiani. "Wiki mbili nimemwombea mtu yule," alisema. "Nimemwombea paji la uso wake lisiume. Kumbe ni mume wa mtu, amekaa kwake, mke wake anapika. Maombi yangu yote yamekwenda kwa mume wa mtu."

"Ndiyo nakuambia, yamepotea."

"Hayakupotea. Kama mimi mjinga wa Thika nimeweza kumwombea asiye wangu, nisiyejua hata jina lake, basi kuna mwanamke mahali anamwombea wangu bila kumjua. Huyo nitamwachaje peke yake? Mimi nikienda Ruiru niwe mke wa mwingine, yeye anamwombea mume wa nani?"

Kaka alikuwa mtu wa kanisa pia. "Dada," alisema, "hiyo hesabu yako sijui uliifundishwa wapi."

"Kwa Mwalimu huyu hapa nyuma, anayejifanya hatusikii."

Sikuwa nimemfundisha. Nilikuwa nimesoma vitabu vya imani miaka mingi, na sikuwahi kuliona jambo la maombi hivyo. Kaka alirudi Ruiru peke yake, na kibali kikaisha mfukoni mwake. Alipokuja tena alileta nduma na nusu gunia la mahindi, akatengeneza mlango uliokuwa ukigoma, na Ruiru haikutajwa. Yule nyapara alipata mke mwingine, na nasikia waliishi vizuri.

Jirani yangu alingoja. Sitasema kwamba ilikuwa rahisi kwa sababu aliamua. Kulikuwa na miezi ambayo hakuimba kabisa, na mwaka mmoja mtoto wake mdogo aliugua hata nikadhani tutamzika. Mungu akatuachia mtoto.

Karibu na mwisho wa miaka ile wanaume wakaanza kurudishwa, wachache wachache. Siku moja alasiri, wanawake wakitoka kwenye nyaya, mwanamume mmoja mwembamba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chumba cha jirani yangu, miguu ameikunja, kama mgeni asiyejua kama ataruhusiwa kuingia. Jirani yangu alimwona kutoka mbali. Hakukimbia. Alifika, akatua alichobeba, akamuuliza, "Umekula?" Naye akasema bado. Akaingia kuwasha moto. Nilichukua watoto kwangu mpaka jioni, kwa sababu mdogo alimwogopa baba yake.

Hakupelekwa pwani hata siku moja. Lori lile lilizunguka, akapita kambi kadhaa, na muda mrefu zaidi alikuwa kwenye nyanda za Mwea, chini ya mlima, akichimba mifereji ya mashamba ya mpunga. Siku isiyo na mawingu aliona mlima ule ule ambao mke wake aliuona akianika singa. Bahari hakuijua.

Basi usiku wa siku za kwanza, kupitia ule ukuta mwembamba, nilimsikia mke akimsimulia. Alimwambia habari za maji yenye rangi ya jani changa, na mchanga mweupe unaounguza mchana, na ngazi za mawe ambazo mtu huzipanda kwa mikono na miguu, na mjusi anayeota jua juu ya ukuta wa wafalme. Mume aliuliza maswali kidogo. Aliuliza kama maji yale yana chumvi kweli. Aliuliza kuhusu kobe. Mke akajibu yote kwa uhakika, kama mtu aliyekwenda, na mume akasema, "Endelea," na baada ya muda nikasikia kwamba amelala, na mke bado anaendelea kusimulia kwa sauti ya chini.

Wewe unayesoma haya, Mungu akujalie mtu wa kukungojea ukiwa mbali, na uvumilivu wa kungoja ukiwa wewe ndiye uliyebaki. Maombi ya watu usiowajua yakufikie ulipo, na yako yawafikie. Akulinde unapotoka, akulinde unaporudi, na akupe usingizi wenye amani. Amina.